Jina Lile Lile, Gemu Nyingine: Maswali Yenu Kuhusu RPG za Zamani Zilizorudi

Barua za safari hii zimetoka pande zote za Ziwa Victoria, na karibu zote zinagusa RPG (gemu za hadithi ambamo unamkuza mhusika wako) za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 ambazo zimerudi kwenye mashine za sasa. Ili tuelewane, humu tunatenganisha aina tatu. Kuna gemu iliyohamishwa, yaani ile ile ya zamani iliyowekwa kwenye mashine mpya. Kuna iliyopigwa msasa: picha na sauti zimesafishwa, kanuni hazijaguswa. Halafu kuna iliyoundwa upya toka chini, ambayo inaweza kubadili hata hadithi. Muuzaji anaweza kukuwekea zote tatu mezani zikiwa na jina moja, kwa hiyo muulize mwaka wa toleo na mashine yake kabla hujauliza bei.

SWALI: Habari za kazi. Ninazo CD tatu za Final Fantasy VII za PlayStation ya kwanza, nimezitunza vizuri. Juzi nimenunua PS4 iliyotumika, nikiweka CD haisomi. Fundi anasema lensi imekufa, anataka elfu themanini. Nimpe? Na hii Remake ndiyo hiyo hiyo au nyingine? (Msomaji, Kirumba)

Shika hela yako kwanza. PS4 haisomi CD za PS1 wala za PS2, hata kama imetoka kwenye boksi leo asubuhi, na PS5 ni hivyo hivyo. Weka diski yoyote ya PS4. Ikisoma, lensi ni nzima na fundi hana cha kutengeneza.

CD zako zinaweza kuchezwa kwenye PS3 ya modeli yoyote, kwa masharti mawili. La kwanza ni kanda. Tazama namba iliyochapwa kwenye CD: SCES au SLES ni ya Ulaya, SCUS au SLUS ni ya Marekani, na PS3 iwe ya kanda hiyo hiyo. La pili, CD iwe halisi. Igeuze: CD halisi ya PS1 ni nyeusi upande wa chini. Ikiwa yako inang'aa kama fedha au ina ukijani, ni ya kuchomwa, kama zilivyokuwa nyingi mtaani enzi zile, na ilikuwa inawaka kwa sababu PS1 ile ilishawekewa chipu. PS3 ambayo haijabadilishwa ndani itaikataa.

Kama unataka hadithi ile ile kwenye PS4, kuna toleo lililohamishwa mwaka 2015 kutoka lile la kompyuta. Linapatikana kwa kupakua tu. Faida yake ni misaada mitatu unayoiwasha kwa kubonyeza vijiti vya pedi: kasi mara tatu, kujaza uhai vitani, na kuzima vita vya kushtukiza. Picha mpya usizitarajie. Wahusika wametakata kwa kuwa ni maumbo yanayochorwa papo hapo, lakini mandhari ya nyuma yao yalikuwa picha tuli za kiwango cha TV za 1997. Kwenye TV ya inchi 43 utaona mtu mkali kabisa amesimama mbele ya ukuta wenye ukungu. TV yako haina kosa, usiisumbue na setingi.

Final Fantasy VII Remake ya Aprili 2020 imeundwa upya, na inahusu jiji la Midgar peke yake, sehemu ambayo kwenye gemu ya 1997 unaimaliza ndani ya saa chache za mwanzo. Vita si vya kupokezana zamu tena, ni vya kukimbia na kupiga, ingawa unaweza kusimamisha muda ili uchague amri. Kwenye PS4 inakuja na diski mbili, moja ya kupakia data na nyingine ya kuchezea. Hapa ndipo wanunuzi wa vitu vilivyotumika wanapolizwa: unauziwa kasha lenye diski moja. Fungua kasha dukani, hesabu diski, na nyumbani uwe na nafasi isiyopungua GB 100. Kipande cha nyongeza cha mhusika Yuffie hakipo kwenye PS4, kimo kwenye toleo la Intergrade la 2021. Mwendelezo wake, Rebirth wa 2024, ulitoka PS5 kisha kompyuta Januari 2025. Akitokea mtu anakuuzia Rebirth ya PS4, usiendelee na mazungumzo.

SWALI: Shikamooni. Niko chuo hapa Nyegezi. Laptopu yangu ni Core i5, RAM GB 8, SSD GB 256, haina kadi ya grafiki ya peke yake. Nimeipenda Oblivion mpya. Nikishusha grafiki mpaka chini kabisa itacheza? Kama haiwezi, nicheze nini?

Marahaba. Haitacheza. Oblivion Remastered ya Aprili 2025 ina injini mbili ndani yake: ile ya 2006 inaendelea kuendesha kanuni, na Unreal Engine 5 inachora juu yake. Kima cha chini kilichotangazwa ni RAM GB 16, kadi ya daraja la GTX 1070 Ti, na nafasi ya GB 125, yaani nusu ya SSD yako nzima. Kushusha setingi kunapunguza kazi ya kuchora, hakuondoi uzito wa injini mbili. Hata wenye mashine kubwa walilalamikia kukwamakwama wanapotembea nje ya miji. Oblivion ya 2006 yenyewe bado inauzwa, na laptopu yako inaimudu.

Ila kabla hujanunua gemu yoyote, kagua RAM. Grafiki za Intel hazina kumbukumbu yake, zinaazima RAM ya kompyuta, na kama GB 8 zako ziko kwenye kipande kimoja, njia ya kupitisha data ni nusu ya inayowezekana. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha Memory, usome mstari wa Slots used. Ukikuta 1 of 2, ongeza kipande cha pili cha aina ile ile (DDR4 kwa DDR4) na kasi ile ile. Kwa gemu kwenye laptopu isiyo na kadi, hakuna shilingi itakayokurudishia zaidi ya hiyo. Mwambie fundi afungue mfuniko athibitishe kwanza, maana laptopu nyembamba nyingine RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao.

Sasa cha kucheza. Sisi tungeanza na Morrowind ya 2002 kupitia OpenMW, injini mpya ya bure iliyoandikwa na watu wa kujitolea. OpenMW haiji na gemu, inasoma mafaili ya Morrowind uliyonunua. Pakia Morrowind kutoka Steam au GOG, pakia OpenMW, fungua programu yake ya kuanzishia, na ikikuuliza gemu iko wapi ionyeshe faili la Morrowind.esm ndani ya folda la Data Files. Ikikuuliza kama ichukue setingi za Morrowind.ini, kubali. Wengi huruka hapo wakidhani ni jambo la mapambo, kumbe faili hilo ndilo linaloitajia OpenMW mahali zilipo hifadhi za Tribunal na Bloodmoon. Ukiruka, utafika kwenye nyongeza hizo ukute alama za hitilafu mahali palipotakiwa kuwa na nyumba na watu. Weka alama ya vema kwenye esm tatu kwa mpangilio huu: Morrowind, Tribunal, Bloodmoon. Kisha zima vivuli, punguza uakisi wa maji, acha umbali wa kuona kwenye kiwango cha kawaida, na skrini iwe 1366 kwa 768.

Daggerfall ya 1996 haihitaji hata senti, wenye nayo waliiachia bure mwaka 2009. Icheze kwa Daggerfall Unity, iliyofikia toleo la 1.0 mwishoni mwa 2023. Ile ya asili ilikuwa maarufu kwa kumwangusha mchezaji kupitia sakafu ya pango akatokea kwenye giza tupu.

Final Fantasy sita za mwanzo, zile za Pixel Remaster, nazo zinaenda bila shida. Jihadhari na kitu kimoja: gemu za mtindo wa HD-2D, kama Dragon Quest III ya Novemba 2024, zinaonekana ni vibonzo vidogo vya kizamani, lakini chini yake kuna Unreal, mwanga wake na ukungu wake. Udogo wa vibonzo usikudanganye, hizo zinataka kadi.

Na joto. Laptopu ikipata moto inajipunguzia kasi yenyewe, ndiyo maana gemu inakwenda vizuri dakika kumi halafu inaanza kuvuta miguu. Kwa mnaokaa karibu na maji, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku hunyonywa na feni na kujibana kwenye mapezi ya shaba, wakachanganyika na vumbi mpaka yanakuwa kama blanketi. Fungua mfuniko, zuia feni kwa kijiti isizunguke, puliza kutoka ndani kwenda nje, badilisha na pesti ya prosesa kama imekauka. Halafu cheza ukiwa kwenye charji, kwa sababu kwenye betri Windows hupunguza nguvu, na funga fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) kwenye 30.

SWALI: Final Fantasy X niliimaliza kwenye PS2. Sasa ninayo iliyopigwa msasa kwenye Switch, lakini kila kitu kinaenda mbio kuliko nilivyozoea, mpaka Blitzball, ule mchezo wa mpira ulio ndani yake, inanishinda. Kuna setingi ya kupunguza? (Msomaji, Musoma)

Hakuna, na kasi unayoiona sasa ndiyo iliyotungwa. Bila shaka diski yako ya PS2 ilikuwa ya Ulaya. TV za mfumo wa PAL, ambao ndio tuliokuwa nao hata sisi, zilichora picha mara 50 kwa sekunde, za Japani na Marekani mara 60. Gemu ambayo hatua zake zimefungwa kwenye uchoraji wa picha, ikipelekwa PAL bila kurekebishwa, inapungua kasi kwa karibu asilimia 17. Toleo la Ulaya la Final Fantasy X lililalamikiwa kwa hilo, na kwa mistari minene myeusi juu na chini ya picha. Ukikumbuka mistari hiyo, jibu umeshalipata. Mazoea ya vidole yatabadilika yenyewe baada ya mechi chache. Sevu za memori kadi ya PS2 haziingii kwenye Switch kwa njia yoyote.

SWALI: Mimi niko Nansio, sina kompyuta, nina simu ya Android ya RAM GB 4. Nimesikia Fallout 2 inacheza kwenye simu, na si kwa kuigiza Windows. Nielekezeni hatua kwa hatua tafadhali.

Umesikia sawa. Kuna programu iitwayo Fallout 2 Community Edition, ambayo ni injini ya gemu ile ya 1998 iliyoandikwa upya ili iwake kwenye Android, iOS, Linux, Mac na Windows. Ni ya bure. Mafaili ya gemu unatakiwa uyanunue, kwa mfano GOG au Steam. RAM yako inatosha na kubaki.

Kompyuta utaihitaji mara moja tu, ya rafiki au ya steshenari, kwa sababu gemu inakuja kama faili la kupakia kwenye Windows. Ipakie humo, kisha tengeneza folda, uliite fallout2, unakili ndani yake vitu vinne: master.dat, critter.dat, patch000.dat, na folda la data. Usisahau fallout2.cfg na folda la sound kama liko nje ya data.

Hapo hapo kwenye kompyuta, fungua kwa Notepad faili la f2_res.ini, na kama halipo litengeneze. Chini ya kichwa cha [MAIN] andika SCR_HEIGHT=480. Upana unaupata kwa hesabu: chukua 480 zidisha kwa uwiano wa kioo cha simu yako. Simu ya 20:9 inapata 480 × 20 ÷ 9, ambayo ni 1067, kwa hiyo SCR_WIDTH=1067. Usishawishike kuandika namba kubwa ya kioo chako, kama 2400. Gemu itawaka, ila herufi zitakuwa ndogo kiasi kwamba mazungumzo hayasomeki, na Fallout bila mazungumzo ni kutembea jangwani tu.

Hamishia folda zima kwenye simu kwa waya. Pakia programu, ifungue. Mara ya kwanza itakuletea dirisha la kuchagua folda: chagua fallout2. Itaonekana imeganda kwa muda, kama nusu dakika au zaidi, inanakili mafaili kwenda kwenye hifadhi yake. Usiizime. Kwa kuwa inanakili, kwa muda huo gemu iko mara mbili kwenye simu, hivyo uwe na nafasi ya kutosha. Ikishawaka salama, lile folda la kwanza unaweza kulifuta.

Yanayoharibika ni mawili. Gemu ikigoma kuanza na kudai haioni mafaili, tazama herufi kubwa na ndogo. Windows haijali kama ni MASTER.DAT au master.dat, Android inajali. Majina ndani ya fallout2.cfg, kwenye mistari ya master_dat na critter_dat, yafanane herufi kwa herufi na mafaili yenyewe. Gemu ikiwaka lakini haina muziki, kagua mstari wa music_path1: iwe data/sound/music/ au sound/music/, kulingana na folda lilipo kweli, na mafaili ya muziki yenye mwisho wa ACM yawe kwa herufi kubwa yote.

Kioo kinafanya kazi kama ile padi ya kipanya kwenye laptopu: unasogeza mshale kwa kidole, unagusa kubofya, vidole viwili kwa pamoja ni kubofya kulia. Sevu zinakaa ndani ya hifadhi ya programu, kwa hiyo ukiiondoa programu ili kuokoa nafasi, sevu zimekwenda nayo.

Ukitaka njia isiyo na kompyuta kabisa, Baldur's Gate ya Enhanced Edition inauzwa kwenye Google Play. Kioo kidogo kitakubana, lakini inakubali kukuzwa kwa vidole viwili, na ukiwasha kujisimamisha adui anapoonekana hutahitaji haraka ya mkono.

SWALI: Kwa nini gemu ya 1995 au 1999 inaletwa kwenye mashine yenye nguvu mara elfu halafu inakwama au kuharibika? Na Chrono Trigger ya Steam bado ni mbovu? (Msomaji, Buzuruga)

Kwa sababu nguvu ya mashine mara nyingi haihusiki. Kuna mambo matatu yanayojirudia.

La kwanza ni kupotea kwa msimbo wa asili, yaani maandishi ya programu yaliyoijenga gemu. Zamani kampuni zikishamaliza gemu hazikuwa na desturi ya kutunza kila kitu. Icewind Dale ilipata Enhanced Edition mwaka 2014, ya pili yake haikupata, kwa kuwa msimbo haukupatikana. Kingdom Hearts ya kwanza ilibidi ijengwe tena kutoka kwenye gemu iliyouzwa dukani. Final Fantasy Tactics ya 1997, iliyorudi Septemba 2025, nayo msimbo wake wa awali haukuwepo, na waliounda toleo jipya walilazimika kuukusanya upya. Ukiona nyongeza za toleo la PSP la 2007 hazimo humo, yaani wahusika wale wa ziada na kazi ya Dark Knight, hujapunjwa kwa bahati mbaya. Waliamua kuanza na ile ya 1997.

La pili ni saa ya gemu. Final Fantasy VII ya PS1 ilichora vita kwa fremu 15 kwa sekunde na menyu kwa 60. Mwendo wa mikono, muda wa uchawi na hata bahati nasibu vinaweza kuwa vimefungwa kwenye namba hizo. Ukiongeza fremu bila kufungua mafundo hayo, adui anapiga mara mbili au mlango haufunguki. Chrono Cross ilipopigwa msasa Aprili 2022 kuna sehemu ilikuwa nzito kuliko kwenye PS1, na ilisubiri sasisho la Februari 2023 kufika fremu 60.

La tatu ni uvivu, tuseme ukweli. Star Wars KOTOR II ilitoka kwenye Switch Juni 2022 ikiwa haiwezi kumalizika: baada ya eneo la Onderon iliganda, na wachezaji wakagundua kabla ya kampuni. Marekebisho yalikuja baadaye. Hapo hakuna kilichopotea, hakuna aliyeicheza mpaka mwisho.

Chrono Trigger ya Steam iko kwenye kundi hilo hilo, ila imepona. Februari 2018 iliwekwa ile ya simu karibu kama ilivyo, na vitufe vikubwa vya kugusa kwenye skrini ya kompyuta na picha zilizopakwa ulaini usiopendeza. Ilisasishwa mara kadhaa mwaka huo huo. Leo ingia kwenye setingi, chagua grafiki za Original, na utakuwa na toleo zuri. Maoni mengi makali utakayoyakuta chini yake ni ya wiki zile za kwanza, kwa hiyo tazama tarehe.

Mfano mzuri upo pia. Wizardry ya 1981 ilirudi Mei 2024 ikiwa na picha za 3D, huku msimbo wenyewe wa zamani ukiendelea kufanya kazi chini yake. Unaweza kufungua kidirisha pembeni ukaona skrini ya Apple II, kompyuta ya enzi hizo, ikihesabu pigo lile lile unaloliona kwa picha mpya. Tungependa wengine waige.

SWALI: Naendesha kibanda cha gemu Igoma, PS4 mbili. Kuna vijana wanalipia saa nyingi kwenye RPG, umeme ukikatika sevu inaharibika wanataka warudishiwe hela. Nifanyeje?

Bosi, anza na UPS. PS4 Slim na TV ya LED ya inchi 32 kwa pamoja hazivuki wati 200, hivyo UPS ya VA 650 inakupa dakika za kutosha kusevu na kuzima, ambazo ndizo unazozihitaji. Usiitumie kumalizia mechi. Umeme ukirudi subiri dakika tano kabla ya kuwasha, au weka TV guard ikusubirie.

Kinachoharibu sevu ni umeme kukatika wakati faili linaandikwa, wala si katikati ya mapigano. Wafundishe vijana wasisevu juu ya nafasi moja siku zote. Wazungushe tatu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha ya kwanza tena. Ikiharibika moja wanarudi nyuma kidogo tu. Final Fantasy za Pixel Remaster zinajisevu zenyewe kila unapobadilisha eneo na zina kusevu kwa haraka popote. Final Fantasy VII ya PS4 haijisevu hata kidogo, kwa hiyo hapo mkumbushe mteja.

Mfungulie kila mteja wa kudumu mtumiaji wake. PS4 inabeba watumiaji 16, na ugomvi wa nani kafuta sevu ya nani unaisha. Kila wiki nakili sevu zao kwenye flashi ya exFAT kupitia Settings, Application Saved Data Management.

Mashine ikigoma baada ya kukatika umeme, izime kabisa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde saba baada ya wa kwanza. Unganisha pedi kwa waya, siyo hewani, uchague namba 5, Rebuild Database. Haifuti sevu. Namba 6 na 7 zinafuta kila kitu, vidole viwe mbali nazo.

SWALI: Mwanangu ana miaka 10, anajifunza Kiingereza. RPG ipi ya zamani iliyoundwa upya imfae kwenye Switch? (Mama, Bukoba)

Mama, Super Mario RPG ya Novemba 2023. Sentensi zake ni fupi, maandishi yanasubiri abonyeze ndipo yaendelee, na ina kiwango chepesi cha ugumu. Akishaimaliza mpe Dragon Quest III ya 2024 kwenye kiwango cha Dracky Quest, ambacho wahusika wake hawafi, ila humo maneno ni ya kizamani kidogo, atakuuliza maana mara kwa mara. Kiswahili hakimo kwenye yoyote kati ya hizi mbili. Persona 3 Reload aisubirie ukubwa, hata kama picha zake zinaonekana za katuni.

SWALI: PlayStation Store haina Tanzania kwenye orodha ya nchi. Wengine tunalipaje? (Wasomaji kadhaa)

Kwenye PlayStation, diski ndiyo njia safi. Diski za gemu za PS4 na PS5 hazina kanda, zinasoma kwenye mashine yake ya nchi yoyote. Kujisajili kwa nchi nyingine na kutumia kadi za zawadi wengi wanafanya, lakini ni kinyume cha masharti, akaunti ikifungwa huna pa kulalamika, na nyongeza unazonunua lazima ziwe za kanda ya diski yako, la sivyo hazishikani.

Kwenye Steam na GOG unalipa kwa dola. Tengeneza kadi ya mtandaoni kupitia menyu ya pesa za simu, weka kiasi kinachozidi bei kidogo, maana kiwango cha kubadilishia na makato vikizidisha hata senti chache, malipo yanakataliwa. Kisha itumie haki yako ya kurudisha: Steam wanarejesha hela ndani ya siku 14 kama hujacheza kufika saa 2, GOG ndani ya siku 30. Kwa gemu iliyohamishwa, saa hizo mbili usizimalize kwenye utangulizi. Ingia setingi, badilisha fonti, chomeka pedi, sevu, zima, washa tena, pigana vita kadhaa. Kama sevu haijarudi au herufi zinakuumiza macho, irudishe siku hiyo hiyo.